Utatuzi wa hitilafu za Linux nyumbani: ukanda wa Kitengela hadi Namanga

Utatuzi wa hitilafu za Linux nyumbani ni kazi ya kutafuta na kuondoa kasoro zinazoizuia kompyuta ya nyumbani yenye mfumo endeshi wa Linux kuwaka, kuingia mtandaoni au kufanya kazi ya kila siku. Makala hii inaieleza kazi hiyo jinsi inavyomkabili mkazi wa Kaunti ya Kajiado, kando ya barabara inayotoka Athi River na kupita Kitengela, Isinya, mji wa Kajiado na Bissil hadi Namanga, mpakani na Tanzania. Katika ukanda huu mambo matatu hustahili kushukiwa kabla ya Linux yenyewe: umeme unaokatika, vumbi, na intaneti inayonunuliwa kwa bando. Asiyeyafikiria hayo huishia kufomati mashine ambayo haikuwa na kasoro ya programu, na kupoteza picha, barua na kazi za shule zilizokuwa ndani yake.

Mashine zinazohusika

Kiini cha Linux kilianza kuandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Watumiaji wa nyumbani hukipata ndani ya mikusanyo iliyokamilika, kama Debian iliyoanzishwa 1993, Ubuntu iliyotolewa Oktoba 2004 na kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na Linux Mint iliyoanza 2006. Amri zinazotajwa hapa zinafaa katika hiyo yote mitatu, ila pale inapoelezwa vingine.

Mara nyingi Linux huwekwa kwenye laptopu zilizokwisha kutumika ng'ambo, zile ambazo maduka huziita «ex-UK». Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kwa kuwa Windows 11 inadai kichakataji cha miaka ya karibuni pamoja na kijenzi cha usalama cha TPM 2.0, mashine nyingi nzima ziliachwa bila masasisho. Linux inazifaa sana. Hata hivyo, laptopu ya namna hiyo huja na udhaifu wake: betri kuu iliyochoka, betri ndogo ya saa inayokaribia kufa, na pengine diski ya kuzunguka badala ya SSD. Hitilafu nyingi zinazosimuliwa hapa chini zinatoka hapo.

Stima ikipotea

Umeme wa Kenya ni wa volti 240, na kukatika kwake si jambo geni. Mwaka 2023 peke yake, sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani tarehe 25 Agosti, 11 Novemba na 10 Desemba, mbali na kukatika kwa mtaa kwa mtaa ambako hakutangazwi popote. Laptopu ambayo betri yake haishiki chaji tena huzimika papo hapo.

Mfumo wa faili wa ext4, unaotumiwa na Ubuntu na Mint, umejengwa kustahimili mshtuko huo. Kabla ya kubadilisha mpangilio wa diski, huandika kwanza kwenye daftari lake la ndani, na kwa kawaida daftari hilo hukamilishwa kila baada ya sekunde 5. Kwa hiyo mara nyingi kompyuta huwaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Pale isipowaka, skrini nyeusi huonyesha neno `(initramfs)` na kishale kinachosubiri. Watu wengi hukata tamaa hapo, ilhali jibu liko mistari miwili mitatu juu yake: sehemu ya diski inatajwa kwa jina, tuseme `/dev/sda2`, ikifuatwa na agizo la kuendesha `fsck` kwa mkono. Andika `fsck -y /dev/sda2`, ukiweka jina lile lile lililotajwa, ngoja imalize, kisha andika `reboot`. Mara nyingi hilo linatosha.

Tahadhari mbili ni za lazima. Usiendeshe `fsck` kwenye sehemu ya diski inayotumika wakati huo. Na ikiwa kosa linarudi kila siku hata umeme usipokatika, shuku diski yenyewe: sakinisha `smartmontools`, andika `sudo smartctl -a /dev/sda`, na utazame mistari ya `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`. Namba zilizo juu ya sifuri na zinazoendelea kupanda zinamaanisha diski inakufa. Hapo toa faili zako kwanza. Kila ukarabati mwingine usubiri.

Anayetaka kujua kwa nini kompyuta ilizimika jana usiku ana shahidi mzuri: `journalctl -b -1 -e` huonyesha mwisho wa kumbukumbu za mara iliyopita mashine ilipokuwa imewaka. Kumbukumbu zikikatika ghafla bila mistari ya kuaga, huenda ni umeme. Zikiishia kwenye onyo la joto lililofika kiwango cha hatari, ni feni na vumbi. Zikijaa makosa ya kusoma na kuandika, ni diski au kebo yake. Amri hii moja, kwa maoni ya mwandishi, ina thamani kuliko programu zote za «kusafisha kompyuta» zinazotangazwa.

Saa iliyorudi nyuma

Hitilafu inayowapotosha watu zaidi huanza kwenye betri ndogo ya duara, kwa kawaida CR2032 ya volti 3, inayotunza saa wakati kompyuta imezimwa. Ikifa, kila umeme unapokatika saa hurudi nyuma, pengine miaka kadhaa. Mtumiaji haoni tatizo la saa. Anachoona ni kivinjari kinachodai kwamba tovuti ya benki si salama, au `apt update` inayokataa ikilalamika kwamba faili la hazina ya programu bado halijafikia tarehe yake. Vyeti vya usalama vya mtandao vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa mashine inayodhani ni mwaka 2015, vyeti vyote vya leo ni vya wakati ambao haujafika. Akisikia neno usalama, mwenye kompyuta hudhani amevamiwa na virusi.

Tazama tarehe kwa `timedatectl`. Washa ulinganishaji wa saa kwa `sudo timedatectl set-ntp true`. Mtandao usipopatikana, andika tarehe kwa mkono kwa `sudo date -s`, kisha ihifadhi kwa `sudo hwclock --systohc`. Betri mpya ndiyo dawa ya kudumu. Kwenye kompyuta ya mezani hubadilishwa kwa dakika chache; kwenye laptopu nyingi imefungwa ndani kwa waya mdogo, na ni bora kumpelekea fundi.

Kuna kasoro nyingine ya saa inayofanana na hii lakini haina uhusiano na betri. Kwenye kompyuta yenye Windows na Linux pamoja, mifumo hiyo miwili hupishana kwa saa tatu kamili: saa tisa alasiri, Linux inasema saa kumi na mbili jioni. Windows huandika kwenye saa ya mashine wakati wa hapa, Linux huusoma kama wakati wa dunia na kuuongezea saa tatu za Afrika Mashariki. Amri `sudo timedatectl set-local-rtc 1` huzipatanisha.

Masasisho yaliyokatika na bando lililokwisha

Intaneti ya Kenya iliongezeka kasi baada ya nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, na sehemu za Kitengela sasa zina nyaya za fiba hadi mlangoni. Kwingineko kaya nyingi hutegemea simu. Ubuntu haijui hilo. Hupakua masasisho ya usalama yenyewe kimyakimya, na mfumo wake wa snap hufanya vivyo hivyo kwa programu kubwa kama kivinjari. Bando la wiki laweza kuisha kwa asubuhi moja, na lawama zikaangukia kampuni ya simu.

Iambie Linux kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo. Katika mipangilio ya Wi-Fi kuna kitufe cha hilo. Kwa amri ni `nmcli connection modify` ikifuatwa na jina la muunganisho kisha `connection.metered yes`. Kwa upande wa snap, andika `sudo snap set system refresh.metered=hold`. Usisahau tu kusasisha unapopata mtandao usiopimwa, kwani masasisho ya usalama si anasa. Mkazi wa Namanga ana la kuongeza: karibu na mpaka simu inaweza kushika mnara wa Tanzania bila mwenyewe kutambua, na bei ya data ikawa nyingine kabisa. Kabla ya kupakua kitu kikubwa, chagua mtandao kwa mkono kwenye simu.

Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, programu hubaki nusu. Dalili yake ni kwamba kila jaribio la kusakinisha chochote linakataliwa. Anza na `sudo dpkg --configure -a`, ufuatishe `sudo apt --fix-broken install`. Ukiona maneno `Hash Sum mismatch`, orodha iliyopakuliwa imeharibika njiani: futa orodha za zamani kwa `sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/*` kisha rudia `sudo apt update`. Ujumbe kwamba hifadhidata ya programu imefungwa kwa kawaida humaanisha kuna usasishaji mwingine unaendelea. Ngoja umalize. Ushauri wa kulifuta faili la kufuli, unaozagaa kila mahali, umeharibu mashine nyingi zilizokuwa zikifanya kazi yake sawasawa.

Wi-Fi isiyoonekana

Baada ya kusakinisha Linux kwenye laptopu, hasa zenye kadi za Broadcom na baadhi ya Realtek, huenda orodha ya Wi-Fi isitokee kabisa. Andika `rfkill list` kwanza. Ikionyesha kwamba redio imezuiwa kwa swichi, tafuta swichi hiyo ubavuni mwa mashine au kwenye vitufe vya F. Kisha `lspci -k` itaonyesha kadi ya mtandao, na kama chini yake hakuna mstari wa `Kernel driver in use`, kiendeshi, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo, hakipo.

Mtu hukwama hapa kwa kuwa anahitaji intaneti ili apate cha kumpa intaneti. Chomeka simu kwa kebo ya USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB katika mipangilio ya simu. Linux huitambua simu ya Android kama kadi ya mtandao bila kusakinisha chochote. Halafu, kwenye Ubuntu, andika `sudo ubuntu-drivers install`. Kwa kadi za Broadcom ambazo hazikushughulikiwa, kifurushi `bcmwl-kernel-source` mara nyingi ndicho kinachohitajika. Ikiwa Secure Boot imewashwa, usakinishaji utakuomba utunge neno la siri la muda, na kompyuta ikijiwasha upya italeta skrini ya buluu ikiulizia neno hilo. Wengi huipita skrini hiyo haraka, kisha wanashangaa kwa nini Wi-Fi bado haipo. Chagua `Enroll MOK`, andika neno ulilotunga, na kazi imekwisha.

Vumbi, joto na kishale kinachorukaruka

Kiangazi kikiingia, vumbi la uwanda wa Athi na la barabara zisizo na lami hupenya kila tundu la feni. Laptopu hupiga kelele, inakuwa nzito, kisha inazimika yenyewe. Sakinisha `lm-sensors`, andika `sensors`, na usome kiwango cha joto. Kichakataji kinachozidi nyuzi 90 bila kazi kubwa kinaomba kusafishwa na kupakwa upya krimu ya joto, na hakuna amri itakayofanya kazi ya brashi.

Kishale cha kipanya kikirukaruka, lawama huangukia kiendeshi. Kabla ya kugusa programu, chomoa chaja. Kikitulia, kasoro ni chaja isiyo asili, soketi isiyo na waya wa ardhini, au inveta ya bei nafuu kwenye nyumba inayotumia sola.

Mengine hayahitaji maelezo marefu. Sauti ikipotea, fungua `alsamixer` na uone kama njia fulani imeandikwa `MM`, yaani imezimwa; ikiwa hivyo, bonyeza M. Skrini ikiwa nyeusi baada ya menyu ya kuwasha, bonyeza `e` kwenye menyu hiyo, ongeza neno `nomodeset` mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, kisha Ctrl na X. Diski ikijaa, `df -h` huonyesha wapi, na `sudo apt autoremove` huondoa viini vya zamani.

Kabla ya kufomati

Jitihada ya kuwapa wasemaji wa Kiswahili programu huria kwa lugha yao ilianza mapema: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ujumbe wa makosa wa Linux, hata hivyo, ungali kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu kuuogopa na kuuruka. Upige picha kwa simu kabla hujabonyeza chochote. Fundi mwenye picha ya ujumbe huo hufanya kazi kwa dakika. Asiye nayo hubahatisha.

Weka flashi ya angalau GB 8 yenye Ubuntu au Mint inayowaka bila kusakinishwa. Kwa flashi hiyo, mashine isiyowaka hufunguliwa, na folda ya `/home` hunakiliwa kwenye diski ya nje maadamu diski ya ndani bado inasomeka. Ukimpelekea fundi kompyuta yako Kitengela, Kajiado au Namanga, mwambie waziwazi asifomati kabla ya kunakili folda hiyo, na umwombe akuonyeshe faili zako kwenye diski ya nje kabla hujaondoka dukani.