Makosa ya Simu ya Upepo na Walioyasahihisha

Ujumbe uendao kwa mawimbi ya redio hugeuzwa kwanza kuwa safu ya 0 na 1, nao ukiwa hewani hauna amani, kwani radi, kuta na mawimbi ya watu wengine huweza kuipindua 0 ikawa 1, hata mpokeaji akasoma jambo ambalo mwenzake hakulikusudia. Mwaka 1948 Claude Shannon, wa maabara za Bell nchini Marekani, alithibitisha kwa hesabu kuwa makosa hayo yaweza kupunguzwa hadi yakaribie kutoweka, madhali kasi ya kupeleka haikuvuka mpaka wake. Ila utaratibu wenyewe hakuuonyesha.

Richard Hamming, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara hizo hizo, alikuwa ameudhika kwa sababu mashine ya kukokotoa, ilipogundua kosa siku za mapumziko hali hapana msimamizi, iliitupa kazi yake ikashika nyingine. Katika utaratibu alioutangaza mwaka 1950, tarakimu 4 za ujumbe huongezewa tarakimu nyingine 3 kama walinzi, kila mmoja akichunga kundi lake ili idadi ya 1 iwe shufwa. Ikipinduka tarakimu moja, wale walinzi wanaolalamika ndio wanaotaja mahali palipoharibika.

Robert Gallager, katika tasnifu yake ya MIT ya mwaka 1960, aliwaongeza walinzi wakawa wengi, wakipashana habari na tarakimu zao duru baada ya duru hadi wakubaliane. Mashine za zama zile hazikuimudu kazi hiyo, ikasahauliwa hadi miaka ya 1990. Leo ndiyo ilindayo data ya 5G.

Akili mnemba nayo, kwa maoni yangu, iliingia kwa adabu. Kuifunza mashine kila ujumbe uwezekanao ni muhali, kwani tarakimu 100 tu zina sura nyingi kiasi cha umri wa dunia kutotosha kuzipitia. Basi mwaka 2016 Eliya Nachmani, Yair Be'ery na David Burshtein, wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, walizishika duru zile zile za kale, wakaipa kila habari inayopashwa uzito wake, na mashine ikajifunza ipi iaminiwe zaidi. Ajabu ni kwamba waliifunza kwa ujumbe mmoja, wa sifuri tupu uliochafuliwa kwa makelele, maana kwa tabia ya hesabu hiyo lifaalo kwa huo lafaa kwa jumbe zote. Ilishinda utaratibu wa kawaida, lakini kwa misimbo mifupi, kama ya tarakimu 63 na 127. Kwa hiyo asemaye kuwa wanahisabati wameuzulishwa amekwenda mbio mno.

Kanuni za 5G humfunga mtumaji kwa namna ya kuusimba ujumbe, ilhali mpokeaji ana hiari ya kuufumbua apendavyo, na mtengenezaji wa simu atakaye kuitia akili mnemba humo hahitaji kanuni hizo zibadilishwe.