Risasi Zilizolowa Manza

Wazee wa hapa Mlowo wakisimulia vita ya Mjerumani, huanza na bunduki: ya Mjerumani ilikuwa hivi, ya Mwingereza vile. Mimi nililelewa na babu aliyekuwa na gobore la kulindia mahindi yasiliwe na nguruwe, naye alinizoesha kuuliza kwanza risasi yake inatoka wapi. Gobore lile alilijaza mwenyewe kwa mdomo wa mtutu: baruti aliyoipima kwa kipande cha mwanzi, kitambaa kikuukuu, kisha gololi za beringi. Baruti ikikosekana, gobore lilikaa ukutani na nguruwe wakajilia.

Swali la babu linaeleza mengi kuliko majina ya majemadari. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa, Paul Vieille, alitengeneza baruti isiyotoa moshi mzito, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyoitumia. Bunduki yao ya awali, Gras ya mwaka 1874, yenye risasi ya milimita 11, ikageuka mzigo wa maghala. Mauser ya Wajerumani ya mwaka 1871 nayo ikapitwa vivyo hivyo. Kilichopitwa Ulaya kilitafutiwa wanunuzi Afrika. Gras ziliingia Ethiopia kwa wingi, wenyeji wakaziita wujigra, na zilikuwepo Adwa tarehe 1 Machi 1896 Waitalia waliposhindwa.

Watawala wa Ulaya waliiona mapema hatari ya bunduki hizo kufika Afrika. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana biashara ya bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha upenyo kwa magobore ya gumegume na baruti ya kawaida. Kwa hiyo anayedhani gobore lilidumu kwetu kwa sababu babu zetu hawakujua kilicho bora anawaonea.

Bunduki ya 1871 ndiyo waliyopewa askari wengi wa Mjerumani hapa kwetu. Vita ilipoanza 1914, kampuni nyingi zilikuwa bado nayo. Risasi yake ni donge la gramu 25 hivi, nyuma yake baruti nyeusi ya gramu tano. Ukifyatua, wingu jeupe linakuonyesha ulipo, na adui analenga hapohapo. Fikiria askari aliyelala kichakani akijua kwamba kila akipiga anajitaja.

Tarehe 14 Aprili 1915 meli iliyowaletea Wajerumani silaha, Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilifukuzwa na manowari ya Kiingereza, Hyacinth, ikakimbilia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Ilipigwa mizinga, mabaharia wakawasha mbao sitahani ionekane inateketea, Waingereza wakaondoka. Shehena ikaopolewa: bunduki mpya pamoja na mamilioni ya risasi. Tatizo ni kwamba risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Baruti ilizidi kuharibika, fataki za kuiwashia nazo, na risasi zilizogoma zikaongezeka.

Hapo ndipo mikono yetu ilipoingia. Kwa miezi kadhaa, pale Moshi, askari, wapagazi na wenyeji waliopatikana waliwekwa kazini asubuhi hadi jioni. Risasi ilifumuliwa, baruti ikasafishwa, fataki mbovu ikabadilishwa kwa nyingine iliyokuwepo nchini, hata kama haikuwa ya aina ileile, kisha ikafungwa upya. Ile isiyopata maji ilihifadhiwa kwa bunduki za rashasha tu, kwa kuwa rashasha haivumilii kukwama. Fungu lililogoma kiasi cha asilimia 20 lilipelekwa vitani, na lililozidi hapo likaachwa la mazoezi. Kwa hiyo askari alikwenda vitani akijua kwamba katika risasi tano, moja huenda isilie. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliyaandika hayo kitabuni mwake, lakini hakutaja jina la hata mmoja wa wale waliozifunga. Hilo linaniuma, maana bila wao bunduki zile mpya zingekuwa vyuma vya kuegemea.

Kufikia mwishoni mwa 1917 akiba iliyobaki ilikuwa zaidi ya bunduki za 1871. Tarehe 25 Novemba Wajerumani na askari wao walivuka mto Ruvuma, wakawashinda Wareno huko Ngomano na kubeba silaha zao. Bunduki kuukuu sasa zikawekwa kando, kwa kuwa zilizotekwa zilikuja na risasi zake. Mwaka mmoja baadaye walipita hapa Mbozi, wakaingia Rhodesia ya Kaskazini na kupigana Fife, si mbali na Tunduma. Walipojisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, walikabidhi bunduki 1,071, za Kiingereza na za Kireno.