Mwanamke wa Maana Aliyewahi Kuigiza: Filamu Zetu na Heshima Tulizozisahau

Niko huku Uwemba, Njombe, ambako baridi ya mwezi huu inamfanya hata mtu wa Unguja avae masweta mawili na soksi za sufi.

Leo sina mapishi wala mshono mpya. Nina swali ambalo mwanangu aliniuliza mbele ya wateja, nikakosa jibu.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Siku moja alirudi skuli anacheka peke yake, akaniambia amechaguliwa kuigiza kwenye mchezo wa kufungia muhula. Kabla sijafungua mdomo, shangazi yake, aliyekuwa kakaa anasubiri nimalize gauni lake, akamkata: "Wanawake wa maana hawaigizi, mwanangu. Kuigiza ni mambo ya wahuni." Binti akanigeukia: "Mama, ni kweli? Hakuna hata mmoja?"

Nikainamia cherehani. Nikamwambia, "Nitakuangalizia." Mzazi akishasema hivyo ni deni. Nimehangaika na simu usiku baada ya kufunga duka, nikauliza wanaojua kuliko mimi, na haya ndiyo niliyoyapata. Nimeona nisiyale peke yangu.

Bibi zetu walikuwa watazamaji wakubwa

Tuanze nyumbani. Mji Mkongwe ulikuwa na jumba la sinema la fahari tangu mwaka 1921, Royal Cinema Theatre. Baadaye likaitwa Majestic. Liliungua mwaka 1954, likajengwa upya na kufunguliwa 1955. Wengi wetu tumepita pale Vuga tukaona jengo la zamani tu, hatujui kwamba bibi zetu walipanga foleni pale.

Na walipanga kwelikweli. Zama zile kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Mwanamke aliyefunzwa kukaa ndani, huyo na buibui lake, na watoto wake, na shoga zake, anakwenda kumtazama Raj Kapoor katika Awara au Nargis katika Mother India, analia mpaka ushungi unalowa, kisha anarudi nyumbani kuchemsha chai. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alikuwa akituhadithia filamu nzima nzima, na nyimbo zake, ilhali Kihindi hakijui hata neno.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba sinema ni jambo la juzi lililokuja na simu. Wanawake wa pwani wameikalia mbele miaka mingi. Ila waliyemlilia alikuwa Nargis wa Bombay. Je, kulikuwa na wa kwetu?

Waziri Mkuu aliyekuwa mwigizaji

Upande wa bara, filamu za kufundishia zilianza kutengenezwa mwaka 1935 huko Vugiri, milima ya Usambara. Mradi ule uliendeshwa na Waingereza, ukapata fedha kutoka Marekani, na hadi 1937 ulikuwa umetoa filamu zipatazo 35: za afya, za kilimo, za kuweka akiba posta. Zilizungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda mpaka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Mabwana walioongoza kazi ile majina yao yamo vitabuni. Wenyeji waliosimama mbele ya kamera, ni nani kati yetu anayeweza kumtaja hata mmoja?

Miaka ya 1950 zikaja filamu za Kiswahili zenye hadithi, kama Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Na hapa shangazi mtu alinyamaza nilipomsimulia. Nyota wa Muhogo Mchungu alikuwa kijana wa Songea, mfanyakazi wa idara ya ustawi wa jamii, jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, Kawawa huyo huyo! Simba wa Vita, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, na Waziri Mkuu wa Tanzania kuanzia 1972 hadi 1977. Songea na Njombe ni majirani, na watu wazima huku wanamtaja Kawawa kwa heshima. Wanakumbuka siasa zake. Uigizaji wake umesahauliwa kana kwamba ulikuwa kosa la ujana.

Basi uhuni uko wapi? Lakini binti yangu hakuuliza habari za mwanamume. Nikaendelea.

Mariamu aliyeogopa kutibiwa

Baada ya uhuru serikali ilianzisha Kampuni ya Filamu Tanzania. Mwaka 1985 ikatoka filamu fupi ya dakika 36, Arusi ya Mariamu, ya Mtanzania Nangayoma Ng'oge na Mmarekani Ron Mulvihill. Mariamu ni mke anayeumwa, hospitali haijamsaidia, na mumewe anataka kumpeleka kwa mganga wa jadi. Mariamu anaogopa, kwa sababu ya jambo lililomtokea utotoni.

Najua baadhi yenu mmeshaguna. Mimi pia niliguna. Dini yetu ina msimamo wake kuhusu waganga na sibadilishi. Lakini filamu hii inaongelea jambo ambalo wanawake tunalijua kuliko mtu yeyote: maumivu yaliyokaa mwilini kwa kuwa yalianzia moyoni, na hakuna aliyeuliza. Wangapi kati yetu tumezunguka na kichwa kinachouma mwaka mzima, kumbe ni msiba ambao hatukuulia?

Filamu hiyo ndogo ilikwenda kwenye tamasha kubwa la filamu za Afrika, FESPACO, kule Ouagadougou, na ikarudi na tuzo. Dakika 36 za Kiswahili, zikashangiliwa Afrika Magharibi. Mimi nilizaliwa miaka ile ile, nimesoma mpaka kidato cha nne, na sikuwahi kuisikia.

Samehe aliyenyamaza

Sasa nafika kwa mwanamke niliyekuwa namtafuta.

Mulvihill alirudi tena Tanzania, safari hii akiongoza pamoja na Martin Mhando, Mtanzania ambaye baadaye alikuja kuwa mkurugenzi wa tamasha letu la ZIFF, lile linalofanyika Ngome Kongwe tangu 1998. Wakatengeneza filamu ndefu, Maangamizi: The Ancient One. Hadithi yake ilichezwa na wanawake watatu. BarbaraO, Mmarekani mweusi aliyekwisha kung'ara katika Daughters of the Dust ya Julie Dash ya mwaka 1991, alikuwa Daktari Asira, anayekuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili Tanzania. Mwanajuma Ali Hassan alikuwa Maangamizi mwenyewe, bibi wa kale. Na mgonjwa aliyenyamaza miaka mingi kwa majeraha ya utotoni, anayeitwa Samehe, alichezwa na Amandina Lihamba.

Liangalieni jina hilo. Mgonjwa anaitwa Samehe. Huo ni mtihani mzima kwenye neno moja. Dini zote mbili tunazozijua zinatuamrisha kusamehe, na kila anayejaribu anajua kwamba si jambo la kutamka tu. Wakati mwingine mtu ananyamaza kwanza.

Mwaka 2001 Tanzania iliipeleka Maangamizi kugombea tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Utaratibu wake ni kwamba kila nchi inachagua filamu moja tu, inaipeleka, kisha zinachujwa mpaka zibaki tano. Ilikuwa mara ya kwanza kabisa kwa nchi yetu kupeleka filamu. Haikuingia tano bora. Mshindi mwaka ule alikuwa No Man's Land kutoka Bosnia. Na katika zile tano ilikuwemo Lagaan ya Aamir Khan, ambayo nina hakika nusu yenu mmeiona, na nyimbo zake mnazo mpaka leo.

Hapo ndipo niliposikia uchungu. Mwaka mmoja, shindano moja. Lagaan ilifika sebuleni kwetu. Maangamizi, ambayo tuliipeleka wenyewe kwa jina la nchi yetu, haikufika. Ilipita miaka zaidi ya 20 kabla ya Tanzania kupeleka filamu ya pili, mwaka 2022, nayo ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, hadithi ya Unguja ya miaka ya 1950. Ndani yake Ikhlas Gafur Vora ni Yasmini, na Siti Amina, mwanamuziki wetu, ni Mwajuma. Wakati watu wanashangilia, nilisikia wengi wakisema ndiyo mara ya kwanza kwetu kufika huko. Si kweli. Samehe alitangulia.

Profesa

Na huyo Amandina Lihamba ni nani? Ni profesa aliyefundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shahada yake ya udaktari aliipata Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti wa siasa na tamthilia Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Ameandika tamthilia za Kiswahili: Hawala ya Fedha, aliyoitoa kwenye kazi ya Sembène Ousmane wa Senegal, na Mkutano wa Pili wa Ndege. Ni mmoja wa wahariri wa kitabu kikubwa cha maandishi ya wanawake wa Afrika Mashariki kilichotoka 2007.

Halafu kuna lililonigusa zaidi. Mwaka 1996 yeye na Profesa Penina Mlama walianzisha Tuseme, mradi wa wasichana wa sekondari. Wasichana wanakaa wenyewe, wanataja yanayowakwamisha masomo, kama mimba, kunyanyaswa, na aibu ya kuuliza swali darasani, kisha wanayageuza kuwa mchezo wa kuigiza mbele ya walimu na wazazi. Mradi ule ulienea mpaka nje ya nchi. Maana yake ni kwamba msichana ambaye hawezi kumwambia mwalimu mkuu jambo usoni, anaweza kulisema jukwaani, na mwalimu mkuu akakaa akasikiliza.

Aliyecheza mwanamke aliyenyamaza ndiye huyo huyo aliyewafundisha wasichana kusema. Nikafunga simu nikalala, nimeshapata jibu la mtoto.

Kwa nini tunasahau

Sababu nyingine ni za kawaida. Filamu zile zilikuwa za mikanda mikubwa, zinahitaji mashine na jumba la sinema. Majumba yakafungwa moja baada ya jingine, zikaja kanda za video, kisha CD. Ambacho hakikuhamishwa kwenye CD kikawa kama hakikuwahi kuwepo.

Lakini sababu nyingine ni sisi. Bibi yangu alijua majina yote ya waigizaji wa Bombay. Alipokuwa hai sikuwahi kumuuliza nani alikuwa anakata tiketi siku za wanawake, nani aliwashonea yale mabuibui ya kutokea. Amefariki na majina hayo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tumefundishwa kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mola wake. Huwezi kumshukuru mtu usiyemjua jina.

Fundi cherehani analijua hili. Bibi harusi akisifiwa, hakuna anayeuliza nani kashona. Hata kwenye filamu, majina ya walioshona, waliopamba na waliopika hupita mwishoni, wakati watu wameshasimama wanatafuta viatu. Siku hizi mimi hukaa mpaka yaishe.

Nilichoamua

Nimemruhusu binti yangu aigize. Tumewekeana masharti: mavazi ya stara, swala isipite kwa sababu ya mazoezi, na masomo yasishuke. Shangazi yake bado hajaridhika, na simlaumu, ana hofu ya mzazi na hofu hiyo ina sababu zake. Nilimsimulia habari za Kawawa na za Profesa Lihamba. Akasema, "Basi na awe profesa kwanza." Tukacheka wote.

Mavazi ya mchezo nashona mimi, kanzu sita na magauni manne, kwa vitambaa vilivyobaki dukani. Na nimemwomba mwalimu anayesimamia kitu kimoja tu: mchezo ukiisha, kabla watu hawajainuka, yasomwe majina ya watoto wote, waliosema neno moja na waliobeba viti. Amekubali.

Nanyi dada zangu, kama bibi yako yu hai na aliwahi kwenda sinema, mpigie leo. Muulize alikwenda na nani, waliketi wapi, walivaa nini. Andika majina.