Punda Milia wa Kuumbi na Mwanzo wa Historia ya Unguja

Shuleni nilifundishwa kwamba historia ya Zanzibar inaanza na majahazi na wageni walioletwa na pepo za msimu. Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja, linapinga fundisho hilo.

Wanaakiolojia waliochimba pangoni humo walipata zana za mawe pamoja na mifupa ya punda milia, nyati na kuro. Wanyama hao hawapo Unguja leo, na hawakuja kwa chombo. Yapata miaka 20,000 iliyopita, kina cha bahari kilikuwa chini ya cha sasa kwa zaidi ya mita 100, na mlango wa bahari kati ya Unguja na bara ulikuwa nchi kavu. Wanyama walipita kwa miguu, na wawindaji vilevile. Barafu ya dunia ilipoyeyuka, maji yalipanda na Unguja ikawa kisiwa.

Hata hivyo, sikubali kila dai. Baada ya uchimbuzi wa 2005, Profesa Felix Chami alieleza kuwa kuku walifugwa hapo maelfu ya miaka iliyopita. Niliipenda hoja hiyo. Lakini uchimbuzi wa 2012 haukuithibitisha. Ulionyesha pia kwamba pango liliachwa kwa muda mrefu, watu wakarudi katika milenia ya kwanza BK.

Kwa hiyo siwezi kuwaita wawindaji wa Kuumbi Waswahili wa kwanza. Ninachoweza kusema ni kwamba kabla jahazi lolote halijatia nanga Unguja, Mwafrika alikwisha kufika kwa miguu.