COPA: komite ya wazazi ku masomo iko na nguvu gani?

COPA ni komite ya wazazi wa wanafunzi. Masomo ya serikali inapashwa kuwa nayo, hata yale yanayoongozwa na makanisa ao na Waislamu.

Tangu miaka ya 1990, wakati mishahara ya walimu ilikosekana, wazazi ndio walibeba masomo kwa njia ya prime. COPA iliketi pamoja na wakubwa wa masomo kupanga kiasi. Ndiyo maana wazazi wengi wanaijua tu kama komite ya kutangaza feza.

Mwezi wa 9 mwaka 2019, serikali ilianza kutumikisha kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006: shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni bure. Hapo kazi ya COPA haikuisha. Ilibadilika: kutoka kukusanya, kwenda kuchunga.

Nani anaichagua?
Wazazi wenyewe, mu mkutano mkuu. Mara nyingi kila klase inatoa mjumbe, kisha wajumbe wanachagua prezida, sekretere na mwenye kutunza feza. Kama direkta ameandika majina peke yake mu biro, ile komite ni yake, haiko ya wazazi.

Inaweza kufanya nini?
Wajumbe wa COPA wanaketi ndani ya COGES, ni kusema baraza la kuongoza masomo, pamoja na direkta na walimu. Hapo wanaweza kuuliza: feza za kuendesha masomo ziliingia ngapi? Zilinunua nini? Kwa sekondari, ambako wazazi bado wanalipa, waombe kuona arete ya gavana inayopanga malipo ya ule mwaka. Kile hakimo ndani, wako na haki ya kuuliza kinatoka wapi.

Mzazi aanzie wapi?
Kwanza, afike ku mkutano. Wamama, ambao mara nyingi ndio wanatafuta ile feza ku soko, wasiachie wababa viti vyote. Pili, kila mapatano yaandikwe na kutiwa sinyatire. Tatu, mambo yakikwama, waende wengi ku sous-division ya elimu, na karatasi mkononi. Mzazi mmoja anayelalamika ni rahisi kumurudisha nyumbani, na mtoto wake anaweza kuonewa mu klase. Komite yote, hapana.