Mizizi ya Kuondoa Uchovu

Katika ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, kaskazini ya Kalokol, kipo kijiji kiitwacho Kataboi. Mbele yake pana maji mapana. Nyuma yake pana nchi ya mawe, mchanga na migunga, ambayo mvua yake kwa mwaka mzima ni kadiri ya milimita 200 tu, na mara nyingi hupungua hapo. Mchungaji hutoka na mbuzi alfajiri, mvuvi huvuta nyavu usiku, na mama hubeba maji na kuni mchana. Hapana haja ya kumweleza mtu wa Kataboi maana ya uchovu.

Msomaji, uchovu ni wa kale kama kazi yenyewe, na watu wa kila bara wametafuta ardhini kitu cha kuuondoa. Aghalabu walichokipata ni mzizi. Nataka tufuatane katika historia ya mizizi hiyo, kwa sababu ndani yake mna mafundisho matatu: namna ya kuitengeneza dawa, namna ya kuihifadhi, na namna ya kuipima sifa yake.

Tuanze na matengenezo. Majani na maua ni laini. Hutiwa maji ya moto, hufunikwa kidogo, kisha hunywewa. Mzizi ni mgumu. Nguvu yake imefungwa katika gamba na nyuzi, wala haitoki kwa kulowekwa kidogo. Kwa hiyo mzizi huoshwa mpaka udongo utoke, hukatwa au hupondwa ili maji yapate mahali pa kuingia, huchemshwa polepole mpaka maji yabadilike rangi, kisha huchujwa. Kazi hiyo huonekana rahisi katika mji wenye bomba na jiko. Nenda ufuoni Kataboi ukaifikiri tena. Maji ya ziwa yana magadi, na maji matamu huenda yakachimbwa katika mchanga wa mto mkavu. Kuni nazo hazipo mlangoni. Sufuria moja ya mizizi iliyochemka muda mrefu imekula safari ya mtu, na aghalabu mtu huyo ni mwanamke. Basi dawa ya uchovu imekwisha kugharimu uchovu kabla haijanywewa.

Pengine ndiyo maana wafugaji wengi wa Afrika Mashariki hawakuipika mizizi peke yake, bali waliitia katika chakula kilichokuwa motoni tayari. Wamasai wana desturi iitwayo olpul: vijana wa rika la moran huenda kambini porini, wakachinja, wakala nyama na kunywa mchuzi uliochemshwa pamoja na magamba na mizizi. Mmoja wa miti hiyo ni mgunga wanaouita olkiloriti, ambao husifiwa kwa kumtia mtu nguvu na ujasiri. Katika miaka ya 1990 wataalamu waliichunguza miti ya namna hiyo itumiwayo na Wamasai, na ile ya Wabatemi wa Ngorongoro, wakaona kuwa baadhi yake ina saponini, vitu vitoavyo povu kama sabuni. Wakafikiri kuwa huenda vitu hivyo humsaidia mtu alaye nyama na maziwa kwa wingi asidhuriwe na mafuta yake. Hivyo desturi iliyodhaniwa na wageni kuwa ni ushirikina ilikutwa ina jambo la kuchunguzwa kwa makini.

Waturkana nao waliutegemeza mwili kwa maziwa, damu na nyama, na waliijua miti ya nchi yao kwa majina na kwa kazi. Mti wa mswaki, ambao wao huuita esekon, husafisha meno, na matunda yake huliwa. Maradhi makubwa yalipelekwa kwa emuron, mwaguzi na mganga. Elimu hiyo haikuandikwa. Ilikaa vichwani mwa wazee, ikarithiwa kwa kuonyeshwa na kusikilizwa.

Ukienda magharibi ya Kenya, katika nchi ya mvua na misitu, utakuta mzizi mwingine wenye sifa. Waluhya huuita mukombero. Ni mzizi wa mmea utambaao, wenye harufu nzuri kama vanila. Watu huutafuna mbichi, au huutia katika chai, kwa kutafuta hamu ya chakula na nguvu za mwili. Huuzwa masokoni na barabarani hata Nairobi. Lakini msomaji, tazama: avunaye jani humwachia mwenzake mti, avunaye mzizi bila hadhari huondoka na mti wenyewe. Kwa hiyo mukombero umepungua misituni, na wapo wakulima walioanza kuupanda mashambani mwao.

Hasara ya namna hiyo ilikwisha kuonekana mbali na kwetu. Katika China mzizi uitwao jinsengi umetukuzwa kwa karne nyingi. Mwaka 1709 padri Mfaransa, Pierre Jartoux, alikuwa akipima nchi ya Manchuria kwa amri ya mfalme wa China. Siku moja alichoka hata akawa hawezi kukaa vema juu ya farasi. Afisa mmoja akampa mzizi wa jinsengi. Akala nusu yake, na baada ya saa moja, kwa maneno yake mwenyewe, hakusikia tena uchovu. Aliyaandika hayo katika barua ya mwaka 1711, akakisia kuwa huenda mmea huo unaota Canada pia, kwa kuwa misitu yake inafanana na ile. Mwaka 1716 padri Joseph-François Lafitau aliutafuta karibu na Montreal, katika nchi ya Wamohawk, akauona.

Hapo biashara ikavamia msitu. Watu waliacha mashamba wakaenda kuchimba. Wakachimba kabla ya majira yake, wakaikausha mizizi haraka katika tanuri badala ya kuiacha ikauke taratibu, na katika miaka ya 1750 wanunuzi wa China wakaikataa. Biashara ya Canada ikaanguka kwa sababu ya matengenezo mabaya. Hata hivyo mahitaji hayakufa. Mwaka 1784 merikebu Empress of China iliondoka New York kwenda Canton, nayo ilikuwa imepakia kadiri ya tani 30 za jinsengi. Mizizi ya mwituni ilizidi kupungua, hata mwaka 1975 mmea huo wa Marekani ukaingizwa katika mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini.

Neno la kisayansi likafuata sifa. Mwaka 1947 Nikolai Lazarev, mtaalamu wa Urusi ya Kisovieti, alibuni jina adaptojeni kwa dawa ya kuusaidia mwili kustahimili taabu. Mfuasi wake, Israel Brekhman, aliuchunguza mzizi wa eleuterokoki wa Siberia, uliokuwa na bei nafuu kuliko jinsengi. Lakini mwaka 2008 halmashauri ya dawa za mimea ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa jina adaptojeni halijathibitika kiasi cha kutumiwa katika kuidhinisha dawa. Kinywaji cha eleuterokoki kilikubaliwa kwa sababu ya matumizi yake ya muda mrefu tu. Sifa ya miaka mingi ni sababu ya kuchunguza. Haijawa bado ushahidi.

Sasa nakurudisha Kataboi, msomaji, kwa maana hapa ndipo jambo linapotuhusu. Uchovu wa kazi huondoka kwa chakula, maji na usingizi. Uchovu usioondoka baada ya hayo ni mjumbe. Huenda umetumwa na malaria, na upungufu wa damu, na kifua kikuu, au na njaa yenyewe. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Mtu mwenye kifua kikuu anayekunywa mchuzi wa mizizi mwezi baada ya mwezi hafichi maradhi kwa watu tu. Anajificha yeye mwenyewe, na watu wa nyumba yake wanaambukizwa. Huyo njia yake ni zahanati au hospitali ya Lodwar. Tena mizizi mingine ni sumu, na mama mja mzito au mtoto hapasi kujaribiwa.

Walakini haitoki humo hoja ya kuidharau elimu ya wazee. Taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, huchunguza dawa za kienyeji. Lakini mtaalamu hawezi kuchunguza mti ambao hakuna aliyebaki kumtajia jina lake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe unayesoma shuleni unajua kuandika, na bibi yako anajua miti. Mwulize jina la mti, mahali unapoota, sehemu itumiwayo, majira ya kuichimba, na jinsi ya kukata mzizi mmoja bila ya kuua mti. Andika kila neno, pamoja na onyo lake. Usinywe kwa sababu umeandika, wala usicheke kwa sababu umesoma.