Hofu ya Dunguni

Ukiiacha barabara kuu ya Lindi na kukata bara kuelekea Likawage, wilayani Kilwa, unaingia nchi ya mashamba na pori ambako kijana hahitaji kufundishwa kuogopa usiku. Mazao yakikaribia kukomaa, watu hulala dunguni, jukwaa la kulindia shamba, ili nguruwe pori wasilimalize. Nguruwe naye hufuatwa na simba. Kati ya 1990 na 2004 simba walishambulia na kuua watu zaidi ya 560 Tanzania, wengi wao katika ukanda huu wa kusini.

Kijana peke yake, giza, kitu kinachomvizia: hapo pana filamu nzima. Wamarekani waliitengeneza ya kwao. Mwaka 1978 John Carpenter alitoa Halloween kwa takriban dola 325,000, akauweka uuaji katika mtaa tulivu wa nyumba zenye bustani, wasichana wakiangalia watoto wa majirani. Hofu ile ilikuwa na kwao. Mwaka 1980 ikafuata Friday the 13th ya Sean Cunningham, ambaye hakuficha kwamba mafanikio ya Halloween ndiyo yaliyomsukuma. Miigo ikamiminika, mpaka Scream ya 1996, ambayo vijana wake wanazijua kanuni zote za filamu hizi na bado wanauawa.

Ukifuata njia ya uigaji kurudi nyuma, unafika Kilwa penyewe. Ebrahim Hussein, aliyezaliwa huku mwaka 1943, aliandika tamthilia ya Wakati Ukuta akiwa bado kijana. Msichana Tatu anataka kwenda sinema na mvulana, mama hataki. Ugomvi huo huo umelisha komedi za vijana za Hollywood kwa miongo mingi, ila wa Hussein unasikika umetoka ndani ya nyumba ya pwani, kwa sauti ya mama anayeona mwanawe anamponyoka. Kisha, mwaka 1969, tamthilia ya Kinjeketile. Muundo wa tanzia Hussein aliusoma kwa Wazungu, na sioni aibu yoyote hapo. Mganga wa Ngarambe anayeona neno lake limekwisha kuwa kubwa kuliko yeye, watu wanakwenda vitani kwa imani ya maji yake ya dawa, naye ameanza kuyatilia shaka: hilo hakulikuta katika kitabu cha mtu. Alilichimba katika Majimaji ya 1905, vita vilivyoanzia milima ya Umatumbi, wilaya hii hii.

Vibanda vya video vilikuja na kazi nyingine. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, akiongeza maelezo na mzaha wake. Mussa Banzi akaenda mbele zaidi: katika Nsyuka na Shumileta alichukua mbinu za filamu za kutisha za nje akawatia majini na mizimu ya huku. Damu katika filamu zake inaonekana wazi kuwa ni rangi. Hata hivyo nazithamini filamu hizo kuliko nakala safi ya muuaji mwenye kinyago, kwa sababu mtazamaji wake alishaambiwa na bibi yake kwamba viumbe hao wapo.

Dungu bado halijapata filamu yake. Atakayeitengeneza ajue nguruwe huingia shambani saa ngapi, nani hubaki macho wenzake wakilala, na utani gani vijana huutupiana gizani ili wasisinzie.